Dogo, usianze hivyo vidonge Jumatatu

Dogo, hapana. Umeandika una miaka 22, urefu sentimita 178, kilo 55, "nakula sana lakini sinenepi." Umeuliza unga wa kopo wa kunenepesha upi ni mzuri, gym uende siku ngapi, na kama uache mpira. Sawa. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayeaga, ukatupia kwamba kocha wako amekuletea vidonge vya kunenepa kwenye kimfuko cha nailoni, aina mbili, na unaanza Jumatatu. Wadau wote hapo juu wamepita wima, mmoja kakwambia "kila la heri." Kheri ya nini sasa?

Usianze Jumatatu. Usianze kabisa.

Mimi nilimeza. Kimfuko hicho hicho, aina mbili hizo hizo, na wimbo nilioimbiwa ni huo huo: "ni vitamini tu za kufungua hamu ya kula, meza usiku kabla ya kulala." Nilikuwa kimbaumbau mwiko wa pilau, mtaani nikiitwa hivyo mbele ya shemeji zangu, kwa hiyo hata angeniambia nitafune betri ningeuliza asubuhi au jioni.

Na vilifanya kazi, hapo ndipo ubaya ulipo. Njaa ilikuja ya ajabu, usingizi mzito, mizani ikapanda haraka. Uso ukajaa, mashavu yakawa mashavu. Watu wakanipongeza: "aisee umependeza, maisha yamekunyookea." Mama akashukuru Mungu. Mimi nikajipiga picha nyingi kuliko bibi harusi. Ila ukizitazama picha hizo vizuri, mikono ilikuwa ile ile. Uso mkubwa, tumbo limetangulia, miguu na mikono ya mtu mwingine. Vyuma nilivyokuwa nasukuma vizuri nikiwa nimelala benchi vikaanza kunishinda. Michirizi ya zambarau ikatokea tumboni na kwapani. Nikimwambia kocha, anasema mwili "unafunguka," ongeza kimoja. Nikaongeza! Siku niliyostuka ni ile niliyochuchumaa chooni nikashindwa kuinuka mpaka nishike ukuta. Kijana wa gym, anashika ukuta wa choo. Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka siku hizi.

Hospitali daktari alisema nimwage kila ninachomeza mezani. Akaviangalia, akatikisa kichwa, hata hakushangaa. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio. Inaleta usingizi na hamu ya kula, ndiyo maana unaambiwa umeze usiku. Cha pili ni deksamethasoni. Hiyo ni dawa ya heshima kabisa, ndiyo iliyoonekana mwaka 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye oksijeni. Lakini daktari anakupa kwa kipimo, kwa muda, akikupima presha na sukari. Kocha anakupa kwa kiganja.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoumia zaidi. Deksamethasoni ni steroidi, na jina hilo ndilo linalowapumbaza vijana wa gym. Steroidi wanazopiga watu wa mashindano ni za kujenga misuli, nazo zina balaa lake, siku nyingine. Hii ni ya ukoo mwingine. Hii inabomoa protini ya misuli yako na kuigeuza sukari, inahamishia mafuta usoni, shingoni na tumboni, inapandisha presha na sukari ya damu, inadhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Misuli inayoanza kuisha ni ile mikubwa ya mapaja na mabega. Yaani nilikuwa nanyanyua vyuma jioni ili kujenga misuli, na usiku nalipa hela yangu mwenyewe ili ibomolewe. Kilo nilizopanda zilikuwa mafuta na maji.

Na kuna hili wasilolisema kabisa. Ukiimeza kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni ya aina hiyo, zinalala. Ukikata ghafla, mwili hauna ya kwake na huna ya kumeza: kulegea, kutapika, kizunguzungu, presha kushuka, mtu anaweza kufa. Kwa hiyo kama umetudanganya kuhusu Jumatatu na tayari umeshaanza siku nyingi, usisome uzi huu ukavitupa jalalani kwa hasira. Nenda hospitali na kimfuko chako, usione aibu, waambie unameza nini na tangu lini. Watakushusha polepole. Mimi nilishushwa hivyo hivyo.

Huyo kocha wangu bado yupo, bado anauza. Kifua kama kabati, hajawahi kumeza hata kimoja! Niliporudi kumuuliza akasema "kila mwili na bahati yake." Bahati? Hajui jina la dawa, hajui kipimo, hajui mteja ana kisukari au vidonda vya tumbo, anachojua ni bei ya kimfuko. Na wale wa kuweka picha za kabla na baada kwenye status, "nyama uhakika ndani ya wiki mbili," ni kundi hilo hilo. Misuli halisi haiji ndani ya wiki mbili. Anayeanza akila vizuri na kunyanyua vizuri, kilo moja hadi mbili kwa mwezi ni kasi nzuri sana. Ukiona kilo zinakimbia kuliko hapo huku mikono haibadiliki, uliza ni nini kinachopanda.

Kuhusu gym, siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia, squat (kuchuchumaa na kuinuka na vyuma), kusukuma, kuvuta, uzito uongezeke kidogo kidogo. Basi. Tatizo lako haliko gym, liko kwenye hiyo sentensi "nakula sana."

Huli sana, dogo. Nami nilikuwa naapa kwamba nakula sana. Yule mtaalamu wa lishe wa hospitali hakubishana nami, alinipa daftari: andika kila kinachoingia mdomoni siku saba, hata karanga za kwenye daladala, halafu rudi. Nilirudi na aibu. Asubuhi chai ya rangi na chapati. Mchana mara nyingi soda na kitu cha kushika mkononi, kwa sababu niko kazini. Usiku ugali mlima. Huo mlima wa usiku ndio niliokuwa naukumbuka nikisema nakula sana! Na siku nikishiba sana usiku, kesho yake chai naiacha. Mwili wa mtu mwembamba unajirudishia kimyakimya, usipoandika huwezi kuukamata.

Kanuni yangu ni hiyo moja tu, na nitaibandika kila uzi wa namna hii mpaka wasimamizi wa jukwaa wanichoke: hakuna kununua chochote cha kopo wala cha kimfuko mpaka umeandika siku saba na umepima uzito. Kupima ni asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, mizani ile ile. Uzito wa siku moja usiuamini, chukua wastani wa wiki. Wiki mbili wastani haujapanda, maana yake huli vya kutosha, haijalishi tumbo linakwambia nini. Ongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku, subiri wiki mbili, pima tena.

Unaongezaje wakati umeshashiba? Kunywa. Uji ndio ulioniokoa. Unga gramu 50, maziwa nusu lita badala ya maji, karanga za kusaga gramu 50. Hapo una karibu kalori 800 na protini gramu 30 na kitu, na unamaliza kikombe ukiwa umesimama. Gawa mara mbili kama tumbo linagoma. (Karanga chagua. Zenye ukungu au uchungu tupa, usiseme nitakaanga. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kukaanga, na mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara.) Mafuta nayo usiyaogope, kijiko kikubwa kimoja kwenye maharage ni kalori 120 bila kuongeza hata tonge. Parachichi hivyo hivyo.

Protini lenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni 88 hivi kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8. Dagaa wakavu, hawa hawa mnaowadharau, gramu 100 zina protini zaidi ya gramu 50. Hesabu mwenyewe kisha uniambie kama unahitaji kopo. Huo unga wa kunenepesha unaouulizia, soma nyuma ya kopo: mwingi wake ni maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa kiwandani, umeuziwa kwa bei ya nyama. Una uji, unga wa nini?

Jambo la mwisho la hospitali. Kwa sentimita 178, hata mpaka wa chini wa uzito wa afya ni kama kilo 59, bado hujaufika. Kama umekuwa hivi tangu utotoni na baba yako yuko hivyo, hewala. Lakini kama ulikuwa na kilo zako zikapungua, au unakohoa, unatoka jasho usiku, unakojoa sana, kapime kwanza TB, VVU, sukari na tezi ya shingo. Uji hautibu hayo.

Leo nunua daftari, la shule linatosha. Siku saba zikiisha piga picha kurasa zote uziweke hapa, hata kama ni chai na chapati tupu, na namba ya mizani chini yake. Kama kweli hujaanza, kimfuko mrudishie kocha. Hela akikataa kukurudishia, mwache nayo.