Reli kupasuka pale elektrodi ilipogusa

Ndugu, umeuliza kwa nini reli ya treni ya R260 (daraja la kawaida la chuma cha reli) imepasuka pale fundi alipogusisha elektrodi ya kuchomelea mara moja tu, bila kuipasha moto kwanza. Kukosa kupashwa ndiko kulikoiponza.

Chuma hicho kina kaboni ya asilimia 0.62 hadi 0.80. Kikipoa taratibu hujipanga tabaka za feriti laini na sementiti ngumu, yaani pealiti. Reli ya R350HT, daraja gumu zaidi, hupozwa kiwandani kwa kasi iliyopimwa, tabaka zikawa nyembamba zaidi, na ugumu, kwa kipimo cha Brinell, hupanda kutoka 260–300 hadi 350–390. Bado ni pealiti ileile.

Mguso wa elektrodi ni jambo jingine kabisa. Kidoa kidogo hupita nyuzi 727 za Selsiasi, ambapo tabaka hizo huanza kuvunjika, kisha reli baridi inayokizunguka hunyonya joto lote ghafla. Kaboni hunaswa ndani, na unapata matensiti: ngumu, lakini inavunjika kama kioo. Ufa huanzia hapo, magurudumu yakaurefusha.

Pasha reli hadi nyuzi 350–400, pima kwa chaki ya joto (huyeyuka reli ikifika joto lake), dumisha joto hilo hadi umalize, kisha ifunike ipoe polepole. Maji usimwage kamwe! Reli hiyo iliyokwisha kupasuka usiijazie kwa kuchomelea. Kata kipande, weka kingine.