Jibu: Gitaa langu halifanani na rekodi za zamani

Kaka wa Ujiji, umeuliza kwa nini solo yako haifanani na gitaa la Tabora Jazz, bendi ya zamani ya hapa kwetu, ilhali mistari ya spektramu (mchoro wa nguvu ya sauti katika kila masafa, toka besi hadi sauti nyembamba) umeshailinganisha. Mimi niko hapa Tabora, sauti hiyo nimeihangaikia sana.

Shida ni kwamba umepima wimbo mzima. Kipimo kinakuonyesha besi, ngoma na waimbaji pamoja na gitaa. Tafuta sekunde chache ambazo solo iko peke yake, kisha wewe upige noti zilezile. Hili ni la lazima: uzi mnene ukiwa wazi (bila kubanwa) unatoa herzi 82 (mitetemo kwa sekunde), mwembamba 330, kwa hiyo noti tofauti huleta vilima tofauti kwenye mchoro hata kwa gitaa lilelile. Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, halafu soma wastani wa spektramu wa sekunde hizo.

Kwenye ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu za sauti), punguza kabla ya kuongeza. Anzia herzi 200 hadi 400, sauti inapojaa tope. Juu ya 5,000 usihangaike, spika ya gitaa yenyewe hukata huko.

Mkwaruzo wa ampu (kikuza sauti cha gitaa) hauondolewi kwa ikwalaiza. Ukizidi, rekodi upya.

Unatumia pikapu (kinasa sauti cha nyuzi kwenye gitaa) ya shingoni au ya karibu na daraja?