Kusoma nyumbani kwanza, darasani maswali tu: nilivyojaribu Kigoma

Mkuu, umeuliza kama mwanafunzi wa shule ya kata anaweza kuliangalia somo nyumbani kwanza, kisha kipindi kiwe cha maswali tu. Niliijaribu hapa Kigoma, Kemia Kidato cha Tatu, mada ya moli. Nikupe walichosema wenyewe.

Nilijirekodi vipande vya dakika nane nane, Kiingereza nikichomekea Kiswahili. Simu shuleni marufuku, nikarusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Wiki ya kwanza safi. Wiki ya tatu nusu ya darasa hawajaangalia chochote. Nikawaka. Binti mmoja wa dawati la mbele akanijibu taratibu: "Mwalimu, sasa hivi ni giza."

Nikadhani umeme umekatika. Kumbe giza ni zile siku zisizo na mbalamwezi: baba anaingia ziwani na taa kuvua dagaa, simu kaondoka nayo. Akirudi alfajiri haina chaji, na binti mwenyewe yuko Kibirizi, kwenye mwalo wanakoshusha samaki, anaanika dagaa. Mbalamwezi ikirudi wavuvi wanapumzika, simu inalala nyumbani. Homuweki zangu zilikuwa zinafuata mwezi, mimi nafuata ratiba ya ukutani!

Walichopenda ni kuirudisha video nyuma. Hawa wamesoma msingi kwa Kiswahili, na darasani ni aibu kuomba mwalimu arudie mara ya nne. Mmoja akaniambia, "Kwenye simu hukasiriki." Nikameza.

Walichochukia: simu haijibu swali. Na wale vinara wa darasa ndio walionuna zaidi, eti siku hizi mwalimu hafundishi. Wamezoea kunakili ubaoni, sikuwabembeleza.

Bergmann na Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo mwaka 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Wangu wanaokosa vipindi ndio hao wa dagaa, ambao video haiwafikii. Kwa hiyo siku za giza naacha video. Naandika muhtasari nusu ukurasa, wanaunakili Ijumaa na kwenda nao nyumbani, na Jumatatu dakika zote 80 ni maswali, vikundi vya watano watano. Kelele ni nyingi, mwalimu wa chumba cha pili kashalalamika mara mbili.

Wewe kabla hujarekodi chochote, waulize simu ya nyumbani inalala wapi.