Kioo cha magharibi na sola ya paani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kiwanja Chumbageni, mita 20 kwa 30, barabara iko magharibi. Nataka fleti 18 za chumba na sebule, sita kila ghorofa. Mchoraji ameweka kioo mbele nzima, na korido katikati, fleti huku na huku. Anasema tukifunga sola juu ya paa, jengo litakuwa rafiki wa mazingira. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Sola ni nzuri, ila hapo inatumwa kulipa deni la kioo. Kioo cha magharibi kinachomwa kuanzia saa tisa hadi jua linazama. Mpangaji anarudi kazini, anakuta sebule tanuri, anawasha kiyoyozi, na saa hiyo sola imeshalala. Luku ndiyo itakayolia.

Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mchana jua linakaa karibu na utosi, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini linalindwa na kivuli kifupi cha zege: kwa dirisha la kimo cha mita 1.2, kitokeze sentimita 65 upande wa kaskazini (jua la Juni), na 40 upande wa kusini (la Desemba). Jua la jioni liko chini mno, kivuli cha namna hiyo hakilizuii. Upande wa barabara weka ngazi, matangi na vyoo. Najua unataka sura ya mjini. Paka rangi nzuri.

Korido ndiyo inayonikera zaidi. Fleti za katikati zina ukuta mmoja tu wa nje. Kusi ikivuma, za kusini zinapumua. Za kaskazini zinangoja mpaka kaskazi ya Desemba! Peleka korido pembeni, iwe wazi, kila fleti ipate madirisha pande mbili. Fleti zitapungua, sikufichi. Na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu. Chukua ya bawaba au luva.

Maji ya mvua usiyaachie mtaro: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 200 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 10,000, utoe kidogo ya kupotea. Nafasi ya tangi ichorwe sasa.

Mrudishie mchoraji ramani kabla hujaipeleka Jiji kuomba kibali. Hesabu ya sola aifanye mwisho, baada ya viyoyozi kupungua.