Sanduku la Nyimbo: Mama anataka pole pole, binti anataka mdundo

*Bibi, salamu nyingi. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, mzaliwa wa Uvira, sasa naishi St. Louis, Marekani. Kazini tunafua mashuka, na mwenzangu wa meza ya kukunjia ni mama wa Kibosnia. Wako wengi mji huu, walikimbia vita vya 1992 hadi 1995. Akikunja huimba nyimbo za mapenzi za kwao, anaziita sevdalinka. Binti yake anaolewa mwezi ujao, na ameniomba nipige wimbo mmoja wa mama yake, ila niutie mdundo watu wainuke. Mama kasikia, kanuna. Kasema nitauua. Mimi nimebanwa katikati. Je, wimbo wa zamani unaruhusiwa kuchezewa? Msomaji, St. Louis.*

Salamu zimefika, mwanangu. Nimepiga fidla kwenye taarabu miaka ishirini na sita, kwa hiyo ugomvi huo naujua hata kabla hujamaliza kuusimulia. Siku kikundi chetu kilipoleta kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, mzee wetu wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, aliifunga kwenye shuka, akampa kila mtu mkono, akaenda zake. Hakurudi tena. Na mimi, nikisema kweli, nilikuwa upande wa kinanda.

Mama yule ana haki, ila huenda sababu yake siyo. Muulize wimbo wake kauzoea kwa ala gani. Sitashangaa akisema akodiani. Sasa, akodiani yenyewe ni mgeni pale. Nyimbo hizi zilikulia katika miji ya Bosnia enzi za utawala wa Waturuki, kwa sauti tupu au kwa saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na tumbo dogo. Akodiani ilikuja baada ya Austria-Hungaria kuishika nchi mwaka 1878. Na zile rekodi tamu zenye okestra nyuma, ambazo watu wa umri wake wanaziita za asili, zinatokana na Redio Sarajevo, iliyoanza 1945. Huko ndiko zilikosikika sauti za Zaim Imamović, Safet Isović na Himzo Polovina. Huyu Polovina alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mchana anaitibu huzuni, jioni anaigawa bure.

Hata maneno yamesafiri. Moja ya sevdalinka zinazopendwa sana inamhusu mtumwa anayedhoofu siku hadi siku kando ya chemchemi, kila jioni binti wa sultani anapopita. Shairi hilo ni la Heinrich Heine, Mjerumani, likatiwa Kibosnia. Na mtumwa wa Heine, akiulizwa jina na kwao, anajibu kuwa ni Mohamed wa Yemen. Mjerumani kaandika habari za Myemeni, Wabosnia wakamlilia kama kijana wa mtaa wa pili. Basi nionyeshe huo usafi wa asili uko wapi.

Lakini lipo linaloweza kuuliwa, na ninadhani ndilo mama analoliogopa bila kulitaja.

Mwaka 2018 mpwa wangu anayefanya kazi Graz alinipeleka Sarajevo. Tukaketi Baščaršija, soko la kale la mji, kwenye vichochoro vya mafundi wa shaba. Kahawa ililetwa kwenye kibirika cha shaba chenye mkono mrefu, na kikombe kidogo kisicho na mshikio. Mhudumu akakitaja: fildžan. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Finjani! Meza ya pili walikuwa wanaume wawili, mmoja na saz mapajani. Aliyeimba hakuwa na sauti ya kusifiwa. Alifika kwenye neno moja, akalishika, akalivuta, akalizungusha kwa ile ngazi ya sauti ambayo sisi wa taarabu tungeiita hijazi, na mwenye saz akamngoja. Kidole kilisimama juu ya waya, hakiugusi. Mwanamke mmoja alikuwa akichovya kipande cha sukari kwenye kahawa yake, wanavyofanya wao, wakichovya kisha wanang'ata. Mkono wake ulibaki palepale mpaka sukari ikamong'onyokea ndani ya kikombe.

Hiyo ndiyo roho yenyewe, ile kungojana. Zipo sevdalinka ambazo wenyewe huziita ravne, yaani tambarare: hazina mapigo ya kuhesabu, urefu wa neno anaujua mwimbaji na pumzi yake. Ukiiwashia ngoma ya kinanda, mashine haimngoji mtu. Mama ataanza kukimbizana nayo, na wimbo umekwisha hapo.

Wapo wanaozifanya upya bila kuziua, wasikilize wiki hii ukikunja mashuka. Damir Imamović ni mjukuu wa yule Zaim. Anapiga tambur, ala ya nyuzi, na mwaka 2020 alitoa albamu Singer of Tales akiwa na kemenche ya Kituruki, inayopigwa kwa upinde, pamoja na fidla na besi. Sikiliza anavyoacha nafasi tupu. Kundi la Mostar Sevdah Reunion, la tangu 1998, lina gitaa na harufu ya jazi, nao wanajua wapi pa kunyamaza. Amira Medunjanin anaimba kama anayekuambia siri. Božo Vrećo ni mwanamume mwenye ndevu anayevaa gauni akaimba nyimbo za wanawake, mara nyingi bila ala yoyote. Wapo wanaoguna, mimi nikimsikia huacha ninachofanya. Desemba 2024 UNESCO nayo iliiweka sevdalinka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Vizuri, ingawa haikusaidii siku ya harusi.

Kwa harusi fanya hivi. Muombe mama akufundishe maneno kwanza, mstari kwa mstari, pale pale kwenye mashuka, na akwambie kila neno lina maana gani. Usiguse kinanda mpaka uweze kuuimba mwenyewe, hata kwa sauti mbovu. Siku yenyewe mkalishe mama mahali unapoona mdomo wake. Zima ngoma zote. Shika sauti moja ya chini, ndefu, na usibadilishe vidole mpaka avute pumzi. Binti naye asinyimwe: nyimbo za kuchezeka zipo tele kwao, muulize mama huyo huyo akutajie. Akisha kuimba wa kwake na watu wamekwisha kufuta machozi, washa mashine yako, piga huo mwingine kwa nguvu zote.

Na malipo usikubali chini ya sahani mbili za burek, ile mikate yao ya nyama.

*Bibi, nimesoma kwamba nyimbo za Bosnia huitwa sevdah. Je, neno hilo lina undugu na jina la binti yangu, Sauda? Mama Sauda, Muscat.*

Mama Sauda, sevdah limetoka Kituruki, sevda, mapenzi yanayotesa. Waturuki walilichukua kwa Waarabu: sawda, nyongo nyeusi, ambayo matabibu wa kale waliamini ikizidi mwilini humtia mtu majonzi. Nduguye ni nyongo ya manjano, safra, na hiyo tunayo mpaka leo, ndiyo safura inayompausha mtu. Kwa hiyo kwa Wabosnia mapenzi yalianza kama ugonjwa wa nyongo, na ukiyasikiliza utakubali. Binti yako usimtilie shaka. Jina lake tumelipata kwa Bibi Sauda binti Zam'a, mke wa Mtume, na hakuna nyongo hapo.