Maswali ya wasomaji: Nataka shamba la iliki lirudi kuwa msitu

SWALI: Habari za kazi. Mie ni mjane niko huku Amani, Muheza, kwenye milima ya Usambara, marehemu mume wangu aliniachia eka mbili za iliki ambazo zamani palikuwa msitu kabisa, sasa iliki imeshachoka pamejaa misizi (ile miti ya kigeni inayojiotea yenyewe) na vichaka. Nataka parudi msitu manake kijito cha chini siku hizi kiangazi kinakauka. Kijana wa kitalu ananambia nipande misaji au mikaratusi ndo inakua haraka. Alafu mbegu za msambu, ule mti wa asili wa msitu wetu, nilizotia kwenye viriba miezi mitano iliyopita hakuna hata moja iliyotoka, nimekosea wapi?

JIBU: Pole kwa msiba mama, na hongera kwa uamuzi. Kwenye msambu hujakosea kitu, usimwage viriba! Mbegu ile ni ngumu, inaweza kukaa miezi sita, mwaka, hata zaidi ndo ichomoze, we hakikisha udongo una unyevu na kivuli kipo, na panya buku wasifikie manake wanazipenda sana. Jambo lingine wengi hawalijui, msambu una mti dume na mti jike, kwahiyo ukipanda miwili mitatu tu unaweza ukakosa matunda kabisa, panda mingi.

Mbegu nyingi zingine za msitu wa mvua ni kinyume chake, hazingoji. Watu wanaziokota wanazianika juani kama mahindi, zikishakauka ndo zimekufa hivyo. Okota leo, kesho iwe kiribani.

Sasa shamba lenyewe. Kabla hujanunua mche hata mmoja ingia humo asubuhi na panga, fungua vichaka taratibu uangalie chini kuna nini, eka mbili zilizo karibu na msitu wa Amani hazikosi miche ya miti ya asili iliyojiotea, mnyasa, mkumba, mtambara, kila ukiuona mche uchomekee kijiti na uufyekee pembeni upate pumzi. Huo una mizizi tayari, utaupita ule wa kiriba. Ndo kazi ya kwanza na haina gharama zaidi ya jasho lako.

Misizi usiifyeke yote kwa mpigo nakuomba. Najua msizi ni mti mgeni hapo Usambara, uliletwa enzi za Wajerumani na baadae, ndege hondohondo wanakula matunda wanaangusha mbegu kila penye uwazi, ndo maana umetapakaa. Lakini ukiiondoa yote jua linaingia ghafla, na jua ndo linaotesha misizi mipya. Ng'oa michanga kwa mkono, mikubwa punguza mmoja mmoja kadri miti ya asili inavyopanda chini yake, na kabla ya kukata ulizia ofisi ya kijiji kibali.

Mikaratusi karibu na kijito hapana kabisa, inakunywa maji mno. Kingoni weka mikuyu, hata kipande cha tawi kinashika, ikizaa ndege na popo watakuja kula na watakuletea mbegu za miti ambayo mie na wewe hatuwezi kuipata kitaluni. Mkangazi ni mzuri ila changanya na mingine na uwe na kivuli kidogo, ukiupanda peke yake juani kuna kiwavi anatoboa kile kichomozi cha juu, mti unaishia kuwa na matawi matawi usio na shina. Na palilia miaka mitatu ya kwanza, hapo ndo miti mingi inapofia, watu wanapanda wanapiga picha wanaenda zao.

SWALI: Mie niko Bukoba, kila nikisoma naona msizi unatajwa kama adui. Ninayo kumi na miwili kwenye kibanja, shamba langu la nyumbani, niing'oe?

JIBU: Hapana ndugu yangu, iache! Kwenu Kagera msizi ni mwenyeji, ni mti wa asili kabisa wa huko hadi Uganda. Kinachosumbua Usambara ni kwamba umepelekwa mahali si pake.