Jini asubiri kwanza

Mmeuliza wiki hii: anayetaka kujifunza kuandika hadithi za kutisha zinazotokana na imani za jadi aanzie wapi? Wengi huanza na jini mwenyewe, kwato za punda na macho mekundu. Mimi ningemwacha huyo asubiri, nikatafuta sharti ambalo mtaa mzima unalishika bila kuulizana.

Chukueni Popobawa, jini wa Zanzibar anayesemekana kuwavamia watu usiku vitandani na kuwanajisi. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka hadi alfajiri. Kuhusu sura yake kila mtu alikuwa na lake, lakini sharti lilikuwa lilelile: aliyevamiwa awaeleze wenzake, la sivyo atarudiwa. Hapo mwandishi keshapewa kila kitu. Aibu inamwambia mtu anyamaze, hofu inamwambia aseme. Mkalishe mzee mwenye heshima zake barazani baada ya swala ya alfajiri, majirani wamemzunguka, kahawa inapoa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumuuliza amelalaje. Bawa la nini tena?

Kinachonitisha zaidi katika mkasa ule si Popobawa. Mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, ukidhani ndiye. Oktoba ya mwaka huohuo Zanzibar ilipiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu Mapinduzi, na wapo wanaoyahusisha mambo hayo. Ukiandika, usiyaeleze. Bandika picha ya mgombea ukutani nyuma ya umati, basi.

Kwa mazoezi, kaeni na wazee muwaulize miiko. Kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kwa mfano, hutoki hata na kijiti. Usiulize kwa nini, utapewa jibu la watalii. Uliza nani aliwahi kutoka nacho, na nyumba yake iko wapi sasa. Halafu, jamani, tumechoka na mganga au mchungaji anayeingia ukurasa wa mwisho kumaliza kila kitu kwa dua moja!

Wa mjini nanyi msikimbilie shamba. Anzeni na kile chumba cha uani ambacho mwenye nyumba hakipangishi, ingawa kodi anaihitaji.

Msomaji, Tanga